Wasichana Sita wa Kanda ya Ziwa



Mwaka 2016 wanazuoni 76 kutoka nchi 11, Trisha Greenhalgh akiwa mstari wa mbele, waliwaandikia barua ya wazi wahariri wa jarida la tiba la BMJ, lililokuwa likikataa makala za utafiti wa kimaelezo kwa hoja kwamba si za kipaumbele. Hoja hiyo hata hapa nyumbani naisikia: “Umezungumza na watu thelathini, hizo ni hadithi. Tuletee namba.”

Haya, namba ni hizi. Mwaka 1998 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza kuwahoji na kuwapima vijana wa vijijini mkoani Mwanza, Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo. Baadaye Mary Plummer na wenzake wakafanya kazi ambayo sichoki kuwasomesha wanafunzi wangu. Walilinganisha njia tano za kujua tabia za ngono za vijana hao: vipimo vya maabara na hojaji ya ana kwa ana kwa vijana 9,280, hojaji ya kujijazia, usaili wa kina, na watafiti kuishi kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Humo wamo wasichana sita waliosailiwa kwa kina, ambao maabara iliwakuta na magonjwa ya zinaa. Katika awamu zote nne za hojaji, ni mmoja tu aliyesema amewahi kufanya mapenzi. Kwenye usaili, walisema watano.

Mtaniambia sita ni wachache. Wangekuwa elfu sita, hojaji ile ingepata nini zaidi? Jibu la kujikinga likikusanywa kwa maelfu hutoa wastani mzuri, na bado ni jibu la kujikinga. Tena mabinti wale walikuwa na sababu: enzi hizo mwanafunzi akipata mimba, shule basi. Ruhusa ya kurudi darasani ilitangazwa Novemba 2021. Nani angemwamini mgeni mwenye karatasi?

Usaili nao una mianya, na Plummer hakuificha: kati ya wasailiwa 11 ambao vipimo viliwaumbua, tisa majibu yao, ya hojaji na ya usaili yakiwekwa pamoja, hayakuaminika mahali fulani. Ndiyo maana mimi nasimama na njia ya tano, ya kukaa.

Hapa Isaka, kwenye banda la mama lishe jirani na maegesho ya malori ya Rwanda na Burundi, nimemsikia mama akimweleza mwenzake habari za dereva wake. Akipita huacha hela ya unga na ada ya mtoto. Asipopita, simu haipokelewi. Dodoso lina visanduku vitatu: mume, mpenzi wa kudumu, mtu mwingine. Huyu anaingia kipi? Na ushauri wa kutumia kondomu utamfikiaje mwanamke ambaye ada ya mwanawe iko mfukoni mwa mtu huyo? Mazungumzo hayo yalianza saa nne usiku, masufuria yakisuguliwa. Karani wa dodoso alishaondoka saa kumi jioni.

Majadiliano ya kikundi ya saa moja na nusu, yenye soda na posho, siyaiti kukaa.

Kwa hiyo, wala si kwa Isaka tu, nazitaka kamati zinazopitisha fedha za utafiti wa VVU kwenye machimbo madogo ya Geita na Msalala zitenge miezi ya mtafiti kuishi pale, na zimwajiri anayejua Kisukuma. Kazi hiyo itangulie dodoso, maana ndiyo itakayotuonyesha maswali ya kuuliza.