Mapacha wa Kondo Moja: Uliza Mapema

 

Mama mmoja alikuja kliniki tumbo likiwa limefura kwa siku chache tu. Akaniambia, "Sista, mama mkwe anasema mimba ya mapacha ndivyo ilivyo." Siku hiyo hiyo tulimpa rufaa. Leo nataka mjue ni kwa nini.

Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na wengi wao hutumia kondo moja la nyuma. Ndani ya kondo hilo mishipa yao ya damu huungana. Kwa kawaida damu huenda na kurudi kwa usawa. Lakini katika mimba kama 10 hadi 15 kwa kila 100 za kondo moja, damu huelekea zaidi kwa mtoto mmoja. Anayetoa hupungukiwa na damu, hakojoi vya kutosha, na maji yanayomzunguka hupungua. Anayepokea hulemewa moyo, na maji yake hujaa kupita kiasi. Hali ikizidi bila matibabu, wote wawili wanaweza kufa.

Mama, hili si kosa lako. Si chakula ulichokula, wala si jicho la mtu.

Utajuaje? Ni kwa picha ya skani. Ukiambiwa ni mapacha, uliza: "Wana kondo moja, au kila mmoja ana lake?" Jibu huonekana vizuri kabla ya wiki ya 14. Liandikwe katika kitabu chako cha kliniki. Kama kondo ni moja, skani irudiwe kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16.

Usingoje tarehe yako ukiona tumbo linafura haraka na kukaza, unakosa pumzi, unashikwa na uchungu kabla ya wakati, maji au damu inatoka, au watoto wamepunguza kucheza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu yapo. Daktari bingwa anaweza kuziba mishipa hiyo kwa miale ya leza, ingawa hospitali zenye vifaa hivyo ni chache. Pengine maji yaliyozidi hupunguzwa kwa sindano. Mimba ikiwa imekomaa vya kutosha, watoto huzalishwa mapema.

Akina baba, wekeni akiba ya skani na nauli. Mama wakwe, mkiona tumbo hilo, msiseme ni kawaida. Mpelekeni.