Tairi la Masika: Uchaguzi wa Tairi kwa Dereva wa Karatu na Ngorongoro



Nimeombwa nizungumzie tairi linalofaa wakati wa mvua. Nitataja msimamo wangu mapema ili anayeupinga apate muda wa kuandaa hoja: wengi wetu huku tunachagua tairi kwa kuogopa tope, ilhali hatari kubwa iko kwenye lami iliyolowa.

Tope la Oldeani litakunasa ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Utachafuka, utatafuta trekta, na wageni watachelewa chakula cha mchana. Lami ya kushuka Rhotia hadi Mto wa Mbu inakukuta kwenye mwendo wa 70, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na mbele yako lori limejaa vitunguu vya Mang'ola. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilishuka hapo mvua ikinyesha, gari limefungwa tairi mpya za tope zenye kashata nene. Lori lililotangulia lilisimama ghafla. Nilikanyaga breki, na gari likaendelea kwenda kana kwamba sijafanya kitu. Lilisimama gurudumu la mbele likiwa kwenye mtaro. Nilikuwa na wageni wanne. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi.

Tairi lenye herufi M/T limetengenezwa kwa ajili ya tope. Kashata zake ni kubwa na zimeachana, ili tope litoke tairi linapozunguka. Lakini kwa kuachana huko, mpira unaogusa lami ni mchache, na mara nyingi kashata hazina vile vichanjo vyembamba vinavyokata utando wa maji barabarani. Tairi la A/T, yaani la barabara za kila aina, lina kashata zilizokaribiana zaidi, na aina nyingi zina vichanjo. Kwenye tope litakusumbua kidogo, sikatai. Kwenye lami yenye maji litashika vizuri zaidi.

Tazameni njia yetu ya kila siku. Mto wa Mbu ni joto na lami. Karatu tuko kwenye mita kama 1,500. Ukifika geti la Lodoare unaingia barabara ya udongo mwekundu, unapanda kwenye ukungu hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, halafu unashuka tena mita zipatazo 600 hadi sakafuni. Yote hayo kwa tairi lilelile. Kwa dereva anayekwenda Arusha na kurudi kila wiki, ushauri wangu ni A/T. M/T namwachia anayeshinda Eyasi na mashambani, ambaye lami haioni mara kwa mara.

Sasa upepo, na hapa naomba mnisikilize sana. Ukikwama tunapunguza upepo, tairi linatanuka, tunatoka. Ni mbinu nzuri. Kosa ni kurudi kwenye lami bila kujaza tena. Miaka ya 1960 wataalamu wa NASA ya Marekani, wakichunguza tairi za ndege, walipata kanuni ya mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji: kwa kipimo chetu, ni takriban kilomita 16.7 kwa saa mara kipeuo cha pili cha upepo kwa psi. Kwa psi 36 ni kilomita 100 kwa saa. Kwa psi 25 ni 83. Ukishusha hadi 16 ni 67 tu. Hesabu hiyo inafaa zaidi pale maji yalipotuama na kashata zimelika, yaani hali ya magari yetu mengi mwezi wa Aprili. Tairi likishaelea, usukani unakuwa mwepesi mkononi na breki haina kazi. Kwa hiyo pampu ya upepo iwemo garini kama jeki inavyokuwemo.

Vijana wenye Subaru wananiuliza kuhusu tairi pana, zile za magari ya mashindano. Tairi pana linapendeza na kwenye lami kavu linashika, lakini kwenye maji yaliyotuama huelea mapema kuliko jembamba, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kusukuma. Na hata kwenye mashindano, masika hayakuhitaji gari la kupendeza: kumbukeni Safari Rally ilipokuwa ikikimbiwa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7, na mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na Peugeot 404 ikashinda tena, ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, walewale wa 1963.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Magari ya mtumba kutoka Japan huweza kuja na tairi za theluji, hasa yakiwa yametumika kaskazini kama Hokkaido. Ubavuni utaona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye joto la Mto wa Mbu unalainika kupita kiasi, unalika upesi, na gari linachelewa kusimama. Mtasema ukingo wa kreta mwezi wa Julai alfajiri mikono inaganda. Ni kweli, lakini Julai si msimu wa mvua, na saa sita mchana umeshateremka kwenye joto. Msichanganye tu alama hiyo na herufi M+S, ambazo ziko hata kwenye tairi nyingi za A/T na peke yake hazilifanyi kuwa tairi la theluji.

Umri nao usomwe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama kashata zipo. Muuzaji akikwambia ni jipya, inama usome mwenyewe.

Ulaya, kina cha chini cha mfereji wa tairi kinachoruhusiwa kisheria ni milimita 1.6. Kwa mteremko ule wa Mto wa Mbu wakati wa mvua mimi natumia 4, na kupima si lazima kifaa. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Laza njiti mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya mfereji wa tairi. Ya juu ikichomoza, tairi hilo halifai kwa masika. Nawaombeni, kabla Machi haijaingia, kila mmoja apime matairi yote manne pamoja na spea.