Mlangoni mwa Baa, Nani Mwenye Amri?

Katika miji ya nchi jirani ya Kenya, jua likishatua, yupo mtu ambaye raia hukutana naye mapema kuliko askari wa doria. Husimama mlangoni mwa baa au klabu ya usiku. Huamua nani aingie na nani arudi. Humpekua mgeni. Ugomvi ukizuka yeye ndiye wa kwanza kuufikia, na mlevi akikataa kutoka, yeye ndiye humtoa. Watu humwita baunsa. Hakula kiapo mbele ya serikali, wala hana namba begani. Hata hivyo mkono wake huweza kumvunja mtu mbavu.

Nguvu hiyo ameipata wapi, na akiitumia vibaya atamjibu nani?

Kwa miaka mingi alimjibu mwenye baa tu. Mwenye baa alitafuta kijana mwenye kifua kipana, akapatana naye ujira wa usiku, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 2016 Kenya ilitunga Sheria ya Kusimamia Ulinzi Binafsi, ikaunda na mamlaka ya kuisimamia kazi hiyo. Mabaunsa nao wakaingizwa katika hesabu moja na walinzi wa maghala na majumba. Sheria inataka mlinzi achunguzwe, afunzwe, na aandikishwe. Kwa maneno mengine, kifua kipana peke yake si cheti.

Sheria hiyo ina mizizi katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 29 inamlinda kila mtu asifanyiwe ukatili, uwe umetoka kwa chombo cha umma au kwa mtu binafsi. Ibara ya 239 nayo inavitaja vyombo vya usalama wa taifa kuwa ni Jeshi la Ulinzi, Idara ya Ujasusi na Polisi, na inakataza mtu yeyote kuunda kikosi mfano wa jeshi nje ya sheria. Baunsa hayumo katika vyombo hivyo. Yeye ni raia aliyeajiriwa kulinda mahali.

Je, hana uwezo wowote? Anao, lakini una mpaka. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata mtu atendaye mbele ya macho yake kosa kubwa linaloruhusu kukamatwa bila hati. Lakini papo hapo inamwamuru amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kukawia. Haikumpa ruhusa ya kumfungia stoo, kumhukumu, wala kumwadhibu nyuma ya baa. Anayempiga mtu na kumjeruhi ana kosa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5. Kifungu hicho hakimsamehe mtu kwa sababu alikuwa kazini mlangoni.

Hapa ndipo askari polisi anapohusika moja kwa moja. Usiku wa manane mtu huletwa kituoni, nguo zimechanika, mdomo unavuja damu, na baunsa anasema, “Huyu alileta fujo.” Askari aliyechoka huweza kumtia mahabusu na kufunga kitabu. Askari mwenye kuijua kazi yake huuliza: alikamatwa saa ngapi? Nani alimshika? Majeraha haya aliyapata kabla ya kukamatwa au baada yake? Kisha humpa fomu ya matibabu, ambayo Kenya huitwa P3 na Tanzania PF3, na huandika maelezo ya pande zote mbili. Bila maswali hayo, sheria ya mwaka 2016 hubaki karatasi.

Haki pia haimwachi baunsa. Naye hurushiwa chupa, hutukanwa, na pengine hutishwa na watu wenye vyeo wasiotaka kupekuliwa. Mafunzo na kitambulisho humkinga yeye pia, kwa kuwa aliyeandikishwa anajua pa kukomea, na aliyefukuzwa mlangoni anajua pa kupeleka malalamiko. Askari aliye likizoni, akifika mlangoni hapo bila sare, ni mgeni kama wageni wengine. Akitii upekuzi, amewafundisha raia heshima ya sheria kuliko hotuba nyingi.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni busara ya mtu aliye peke yake njiani. Nchi yenye sheria haimwachii mwenye nguvu apite tu. Humuuliza jina lake, kazi yake, na aliyempa ruhusa. Kenya imekwisha kuliandika swali hilo katika sheria. Kazi iliyobaki ni kuliuliza kila usiku, katika kila mlango, na kulisubiri jibu.