Paja la Nguruwe Liive Hadi Ndani

Leo tunachemsha paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona vifuko vyeupe mithili ya punje za mchele, iache: hayo ni mabuu ya tegu.

Loweka paja usiku kucha ndani ya jokofu, kisha mwaga maji hayo. Weka mapya, tia kitunguu, karafuu na pilipili manga. Yakichemka, punguza moto, uhesabu dakika 45 kwa kila kilo.

Usitegemee rangi; chumvi ya kuhifadhia huiacha nyama na wekundu hata ikiiva. Choma kipimajoto hadi katikati, kisiguse mfupa, kisome nyuzi 71.

Ndugu msikilizaji, usiharakishe sufuria. Afya ya familia yako imo humo.