SAMAKI ANAYEONEKANA MZIMA HUENDA AMEBEBA VIRUSI
(Maneno kwa wafugaji wa samaki wa Busia na Malaba)



Tangu mpango wa serikali wa vidimbwi ulipoanza mwaka 2009, wako kati yetu waliolipa karo kwa ngege. Leo tuseme juu ya ugonjwa unaoweza kumaliza kidimbwi kizima: virusi vya tilapia, ambavyo wataalamu huviita TiLV. Habari zake zilitangazwa kutoka Israeli mwaka 2014. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba walipima sampuli kutoka kwa samaki 191 wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania, na sampuli 28 zilikutwa na virusi hivyo. Ziwa ni lile lile letu, na vifaranga wanavuka mpaka kila msimu.

Sasa mtaniuliza, si tutawaona wakiugua? Hapo ndipo penye taabu. Wengine huacha kula, hupata vidonda na macho hufifia. Lakini wengine hubeba virusi bila dalili yoyote.

Kwa hiyo hupimwa kwa PCR, kipimo kile kile walichopimwa madereva wa malori hapa Malaba mwaka 2020 wakati wa korona. Mtaalamu huchukua kipande kidogo cha ini au wengu. Mashine hutafuta chembe za urithi za virusi na kuzinakili: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Baada ya mizunguko 30, chembe moja imezidi nakala bilioni moja. Hata virusi vichache huweza kugunduliwa.

Virusi hivi havimdhuru mtu, lakini dawa ya kumtibu samaki haipo. Basi tufanye haya:

1. Tununue vifaranga kwa mtu anayejulikana, na tumwulize kama samaki wake wamepimwa.
2. Vifaranga wapya wakae peke yao majuma matatu hivi.
3. Tusiazimane nyavu mbichi. Zioshwe, zianikwe juani.
4. Wakianza kufa wengi, tusiwatupe mtoni wala kuwahamisha. Tumwite afisa wa uvuvi siku ile ile, wangali wako wa kupimwa.

Anayenyamaza kwa kuogopa hasara humpelekea jirani hasara hiyo hiyo. Maji yetu ni mamoja.