VITA VIKIISHA, NANI HUULIZWA?

Ndugu wananchi,

Tumekutana hapa Mwanza, kando ya Ziwa letu, tuzungumze jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa Ulaya peke yao: namna dunia ilivyopangwa upya baada ya vita kuu. Sisi twasema jambo hilo ni letu.

Tuanze na vita vya kwanza. Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Mwingereza yalivuka Ziwa kutoka Kisumu, yakaipiga Bukoba. Mwezi wa Julai 1916 yakaitwaa Mwanza. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Versailles, Mjerumani akanyang'anywa makoloni yake yote. Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji, kipande cha Kionga kule kusini wakapewa Wareno, na nchi iliyobaki akapewa Mwingereza, ikaitwa Tanganyika. Msukuma hakuulizwa, Mhaya hakuulizwa, Mkerewe hakuulizwa. Hata mpagazi aliyebeba mizigo ya majeshi hayo hakuulizwa. Ng'ombe wakibadilishiwa mchungaji hawaulizwi; ndivyo tulivyofanywa.

Tena yakafuata mengine. Mwaka 1929 Mwingereza alipatana na Misri kwamba pasifanywe kazi yoyote ya kupunguza maji ya mto Nile, wala ya maziwa yanayoulisha, bila Misri kukubali. Ziwa hili limo katika mapatano hayo. Mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa Magu hawakujua kwamba maji wanayochota asubuhi yamekwisha wekewa saini.

Vikaja vita vya pili. Zaidi ya vijana 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Mwezi wa Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitangaza kwamba kila watu wana haki ya kuchagua serikali yao. Mwezi uliofuata Churchill akalieleza Bunge lake kwamba maneno yale yaliwahusu hasa watu wa Ulaya waliotekwa na Hitler. Basi askari wetu walipigania haki ambayo wao wenyewe walikuwa hawajahesabiwa ndani yake.

Lakini, ndugu zangu, safari hii palikuwa na mlango. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, ulisema kwamba nchi za udhamini ziongozwe mpaka zijitawale au ziwe huru. Tena uliruhusu wenyeji kupeleka malalamiko yao, na wajumbe kuja kutazama kwa macho. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini huo mwezi wa Desemba 1946.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hao walikuja mwaka 1948, wakaja 1951, wakaja 1954. Lakini mgeni angemponya vipi mwenyeji aliyekaa kimya? Mlango ule ulifaa kwa sababu watu waliingia. Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilisikia. Mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akadai nchi hii itambuliwe kuwa ni ya Waafrika.

Na huku kwetu? Usukumani TANU ilizuiwa tangu 1954 mpaka 1958. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mseto walilowekewa na serikali, wakatembea kwa miguu maelfu kwa maelfu mpaka Mwanza. Walipigwa mabomu ya machozi, lakini mpango ule ukafa.  Walikuwa na miguu yao na umoja wao. Tarehe 9 Desemba 1961 tukawa huru.

Uhuru huo haukuwa wimbo na bendera tu. Mwaka 1962 serikali yetu ilitamka kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi Tanganyika huru. Leo maji ya Ziwa yanapanda bombani kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama. Mama anayefungua bomba Kahama anakunywa matunda ya neno lile. Na mwaka 2010 Tanzania ilitia saini mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, ulioanza kutumika 2024. Misri haimo, kwa hiyo shauri hilo halijakwisha.

Ndugu wananchi, dunia haiachi kupangwa. Kila wakubwa wanapopigana, mwisho wake hukaa mezani, na asiyekuwapo hugawiwa mifupa. Twawaombeni jambo moja: mkataba wowote unaogusa Ziwa, ardhi au madini yetu, tuulize umeandikwaje, nani ametia saini, na kwa muda gani. Tuulize matawini, tuulize mikutanoni, tumwulize mbunge wetu. Babu zetu hawakuulizwa. Sisi tukinyamaza, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Uhuru na Umoja!