Kuvuja kwa Mafuta ya Injini katika Motokaa Kuukuu

Katika mazungumzo ya leo yataelezwa mambo ya kuvuja kwa mafuta ya injini katika motokaa kuukuu, na jinsi mwenye motokaa awezavyo kutambua mahali yanapotoka kabla ya kutoa fedha yake. Mfano utakaotumiwa ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, motokaa iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Motokaa za namna hiyo zilikoma kuundwa huko Mexico mwaka 2003, kwa hiyo kila moja iliyobaki barabarani ni kuukuu. Walakini wangaliko watu wanaozitunza na kuzitegemea.

Yapasa kwanza kufahamu hasara inayoweza kutokea. Injini ya Volkswagen hiyo imewekwa nyuma, nayo haipozwi kwa maji, bali kwa hewa inayopulizwa na feni, pamoja na mafuta yenyewe. Basi mafuta yana kazi mbili: kulainisha vyuma visisagane, na kuchukua joto. Nayo si mengi, ni lita 2.5 tu. Baina ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti cha kupimia ni kadiri ya lita 1.25, maana yake, injini ambayo mafuta yake yameshuka hadi alama ya chini imekwisha kupoteza nusu ya mafuta yote. Mwenye motokaa akizidi kwenda hivyo, vyuma hupata moto, huumana, na injini hukwama. Hapo gharama si ya sili ya mpira tena, bali ya injini nzima.

Wako madereva wanaongoja taa ya mafuta iwake ndipo watazame. Hilo ni kosa kubwa. Taa hiyo haikuwekwa kuonyesha wingi wa mafuta, bali nguvu ya msukumo wake. Ikiwaka safarini, huenda madhara yamekwisha kuanza, na sharti dereva asimame na kuzima injini papo hapo. Kijiti ndicho cha kuaminiwa. Kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, motokaa ikiwa imesimama mahali palipo sawa.

Kosa la pili, ambalo limewapotezea wengi fedha, ni kudhani kwamba mahali tone linapoanguka ndipo mafuta yanapotoka. Mafuta hutelemka, na upepo wa safari huyapeperusha huku na huku. Mtu huona matone upande wa kushoto, chini ya mabomba membamba yenye vijiti vinavyosukuma vali. Huamini kwamba mabomba yameharibika, na vichwa vya silinda hufunguliwa ili yatiwe mengine. Kesho yake matone yako pale pale, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakitoka juu zaidi, katika sili mbili ndogo zilizo chini ya kipoza mafuta. Kazi kubwa imefanywa, na ugonjwa haukuguswa.

Njia iliyo bora ni hii. Injini ikiisha kupoa, isafishwe kwa brashi na maji ya sabuni, na vyombo vya umeme vifunikwe visiingie maji. Petroli isitumiwe kamwe kwa kazi hiyo, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Injini ikikauka, itandikwe karatasi nyeupe chini yake, kisha iwashwe uwanjani, wala si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake huua. Ikiisha kupata moto izimwe, na kurunzi itumiwe kuichunguza kuanzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipo na umajimaji ndipo penye asili ya mvujo. Pakiwa na shaka, injini ikiwa imezimwa, panyunyiziwe poda nyeupe kidogo. Injini ikiwashwa tena, mafuta yatachora njia yake katika poda hiyo. Mtu asiingie chini ya motokaa inayoshikiliwa na jeki peke yake. Iwekwe juu ya nguzo imara, na magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo.

Jambo la kutazamwa kwanza halina gharama yo yote: njia ya kupumulia ya injini. Ikizibwa na uchafu, hewa iliyomo ndani hukosa pa kutokea na kuyasukuma mafuta nje katika kila sili iliyo dhaifu. Mafuta yakitiwa kupita alama ya juu, nayo huweza kutafuta pa kutokea. Na iwapo pete za pistoni zimelika, moshi hupenya kwa wingi ndani ya injini. Hapo sili mpya haitadumu mpaka ugonjwa huo uponywe.

Baadaye vitazamwe vifuniko vya vali, kimoja kila upande. Gasketi zake ni za gamba laini kama la vizibo vya chupa, nazo zikikauka hupasuka. Bei yake ni ndogo, na kazi ni ya dakika chache. Kisha litazamwe bamba la kichujio chini ya injini, linaloshikwa na nati sita ndogo. Hapa wengi hukaza kwa nguvu zao zote, wakidhani ndiyo dawa. Kumbe bamba hupinda, na nyuzi za bolti hung'oka, na mvujo uliokuwa wa tone huwa wa mfereji. Zitiwe gasketi mpya na wosha mpya za shaba, na nati zikazwe kwa kiasi, kidogo kidogo kwa zamu.

Ikiwa ni kweli mabomba ya vijiti ndiyo yanayovuja, isicheleweshwe. Mafuta yake huangukia vyuma vya moto vinavyopasha hewa ya ndani ya motokaa, na moshi wake waweza kuingia walimoketi watu. Tena huweza kuleta moto. Yako mabomba ya kurefuka na kufupika yanayoweza kutiwa bila kufungua vichwa vya silinda.

Mvujo ulio baina ya injini na sanduku la gia ndio wa gharama zaidi. Kabla ya kuishusha injini, mafuta yaguswe na kunuswa: ya gia ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti, na yakiwa ndiyo, sili ya injini haina kosa. Yakiwa ya injini, huenda yakafika kwenye klachi na kuifanya iteleze mlimani. Kazi hii yafaa apewe fundi hodari, naye apime mchezo wa mhimili mkuu wa injini kabla ya kutia sili mpya. Mchezo ukizidi kipimo, sili hiyo itakufa upesi kama ile ya kwanza.

Mwisho, mafuta machafu yasimwagwe chini wala karibu na kisima, kwani huharibu maji ya watu na mifugo. Yatiwe katika debe na kupelekwa yanapopokelewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye motokaa kuukuu anayetazama kijiti kila asubuhi, na kutafuta asili ya tone kabla ya kushika spana, huziba ufa wake kwa gasketi ya bei ndogo.